Chapa si kopi: kisa cha wasanii watano wa chapa katika maonyesho ya sanaa Mombasa

Galari ndogo ya Mombasa ilikodi kibanda katika maonyesho ya sanaa ya siku 4 na kukijaza kazi za chapa peke yake, yaani picha ambazo msanii huandaa uso wake kwa mkono, kisha huuchapa kwa wino kwenye karatasi. Majina ya galari, wasanii, ukumbi na mwaka yameondolewa. Bei zimeachwa kama zilivyokuwa, kwa sababu sehemu kubwa ya makosa ya kisa hiki imo ndani ya hesabu.

Usuli

Galari hii huuza zaidi picha za rangi ya mafuta na akriliki: vichochoro vya Mji wa Kale, majahazi, milango ya kuchonga. Ina mwenyewe na msaidizi mmoja, na huajiri kibarua siku za maonyesho. Chapa ilikuwa imewahi kuziuza moja moja, lakini haikuwahi kuzisimamisha peke yake mbele ya umma.

Wasanii walikuwa watano. Msanii A huchonga lino (tandiko la sakafu linalochongeka kwa patasi) ya rangi tatu kwa njia ya kupunguza: kipande kilekile cha lino huchongwa, huchapwa rangi ya kwanza kwenye karatasi zote, kisha huchongwa tena kwa rangi ya pili, na tena kwa ya tatu. Kazi ikiisha, lino imeshaliwa na patasi na hakuna awezaye kurudi nyuma kuchapa nyingine. Msanii B huchapa lino nyeusi bila mashine, akisugua mgongo wa karatasi kwa mwiko. C huchonga mbao kubwa, karatasi za sentimita 60 kwa 90. D hutumia bamba la shaba lililoliwa na asidi. E huchapa kwa skrini, yaani wavu unaopitisha wino.

Walikubaliana kugawana mauzo nusu kwa nusu baada ya kuondoa gharama ya fremu. Kibanda na fremu viligharamiwa na galari. Kibanda kilikuwa mita 3 kwa 3 chenye kuta tatu, yaani mita 9 za kutundikia. Maonyesho yalikuwa mwishoni mwa Mei, masika bado hayajakata. Tarehe hiyo ilistahili kufikiriwa zaidi kuliko kitu kingine chochote, na hakuna aliyeifikiria.

Maandalizi

Galari ilichagua chapa 61: 15 za kutiwa fremu na 46 za kuwekwa kwenye sanduku la kupekua, kila moja ndani ya mfuko wa plastiki safi wenye kadibodi isiyo na asidi nyuma yake. Bei ya karatasi bila fremu ilianzia shilingi 9,000 hadi 45,000. Fremu iliongeza 6,500.

Kazi ya fremu alipewa fundi anayetengeneza fremu za picha za harusi na vyeti vya shule. Ni fundi hodari, ila cheti na chapa havitiwi fremu kwa namna moja. Cheti hubandikwa kingo zote nne kwa tepu ya kahawia, hulazwa juu ya hadibodi, na kioo hukandamizwa juu yake. Ndivyo zilivyofanyiwa chapa 10 kati ya 15. Tano tu, zilizokuwa na kadibodi ya pambizo kuzunguka picha, ndizo zilizokuwa na nafasi kati ya karatasi na kioo. Fundi hakupewa maelezo ya maandishi. Aliambiwa kwa simu kwamba ni picha 15 na vipimo vyake ni hivi.

Jambo la pili ni wino. Msanii B alileta chapa 4 alizozichapa siku 9 kabla. Wino wa chapa wa mafuta ya kitani haukauki kwa maji kupaa kama rangi ya akriliki; hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, polepole, kuanzia juu kwenda chini. Eneo jeusi lenye wino mzito, katika msimu wa mvua, linaweza kuhitaji wiki tatu au zaidi. Kipimo chake ni rahisi: laza kipande cha tishu juu ya sehemu nyeusi kabisa pembeni mwa picha, bonyeza kwa kidole, inua. Tishu ikitoka na rangi, karatasi hiyo haiendi chini ya kioo. Hakuna aliyepima.

Vibao vya maelezo vilichapishwa siku moja kabla. Kila kimoja kilikuwa na jina la msanii, jina la kazi, mwaka, mbinu na bei, na chini yake maneno kama "Nakala 4/25".

Alhamisi

Kibanda kilifunguliwa saa 4 asubuhi kikiwa na fremu zote 15 ukutani, zikiwa zimepishana kwa upana wa kiganja. Sanduku la kupekua liliwekwa chini, nyuma ya kiti.

Watu walikuja. Swali lilikuwa moja, likibadilika mavazi tu. "Hii ni kopi?" "Imetolewa matbaa gani?" Mama mmoja alimwuliza msaidizi kwa upole: "Mwanangu, na ile ya asili iko wapi?" Msaidizi akajibu kwamba asili ndiyo hiyo. Mama akatazama kibao, akasoma "Nakala", akamtazama tena msaidizi kama mtu anayefichwa jambo.

Iliuzwa chapa moja yenye fremu, kwa mtu aliyekuwa tayari anaijua kazi ya D.

Saa 2 usiku viyoyozi vya ukumbi vilizimwa.

Ijumaa

Wenye vibanda waliruhusiwa kuingia saa 2 asubuhi. Chapa 6 kati ya 15 zilikuwa zimefanya mawimbi, na zote 6 zilikuwa miongoni mwa zile zilizobandikwa kingo zote. Mbili kati yake, zote za Msanii B, zilikuwa zimegusana na kioo na kung'ang'ania.

Kilichotokea kina maelezo mepesi. Karatasi ya pamba hunywa unyevu wa hewani na nyuzi zake huvimba. Mchana kiyoyozi kilikausha hewa. Usiku hewa ya Mombasa ya mwezi wa Mei iliingia na kujaa ukumbi. Kipima unyevu kilichonunuliwa asubuhi hiyo kilisoma asilimia 84 kabla viyoyozi havijawashwa, na asilimia 56 saa 8 mchana. Karatasi iliyoshikwa upande mmoja tu, juu, ingetanuka na kushuka kwa amani. Iliyobanwa kingo nne haina pa kwenda, kwa hiyo hufura katikati. Inapofura hugusa kioo, na ikiwa wino bado mbichi, hunasa.

Galari ilikuwa na saa mbili kuamua. Njia ya kwanza ilikuwa kuacha zote ukutani, kwa kuwa mawimbi yangepungua viyoyozi vikianza. Ni kweli yangepungua, lakini si yote, na yangerudi usiku. Njia ya pili ilikuwa kuziondoa 6 na kubaki na 9. Mwenye galari alichagua ya pili, na sababu yake ilikuwa sahihi: mgeni ambaye ameshasikia neno kopi, akiona karatasi imejikunja ndani ya fremu, hahitaji ushahidi mwingine.

Kosa lilikuja katika kuondoa. Kibarua alifungua nyuma ya fremu mojawapo iliyonasa na kuvuta karatasi papo hapo. Wino ukabaki kwenye kioo, kiraka cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, katikati ya uso uliochongwa. Fremu ya pili iliachwa imefunguliwa mgongo, imelazwa kioo chini mbele ya hewa ya kiyoyozi. Kufikia adhuhuri karatasi ilikuwa imekauka na kujiachia yenyewe bila jeraha.

Nafasi iliyopatikana ukutani ilizaa uamuzi wa pili. Msanii A alipigiwa simu akaja na vitu vyake: rola, patasi tatu, kipande cha lino kilichochongwa maneno ya kanga, na karatasi tatu za kazi moja, yaani rangi ya kwanza peke yake, ya kwanza na ya pili, zote tatu, na mwisho kipande cha lino kilichobaki, ambacho hakikuwa na uso wa kutosha kuchapa chochote. Waandaaji hawakuruhusu wino juu ya zulia, kwa hiyo hapakuwa na kuchapa. Iliwekwa meza ya sentimita 60 kwa 100 penye ukuta uliokuwa wazi.

Maneno kwenye lino huchongwa kinyume ili yachapike sawa. Watu walisimama wakapinda shingo kuyasoma. Mtaa wa Biashara umewazoesha watu wa Mombasa kusoma jina la kanga kwa jicho moja wakipita. Sasa walikuta jina lililogeuzwa na hawakuweza kuondoka kabla ya kulimaliza. Wakishalimaliza walikuwa wameshaelewa, bila kuhubiriwa, kwamba kuna mkono uliochonga, na kwamba kilicho kwenye karatasi hakikuwahi kuwako mahali pengine popote.

Vibao navyo viliandikwa upya kwa mkono. "Nakala 4/25" ikawa "Chapa ya 4 katika toleo la chapa 25. Imechongwa na kuchapwa kwa mkono na msanii." Siku hiyo ziliuzwa 2, zote bila fremu.

Jumamosi na Jumapili

Jumamosi sanduku la kupekua lilitolewa nyuma ya kiti likawekwa juu ya meza, kimo cha kiuno. Mabadiliko hayo madogo yaliuza kuliko hotuba. Mtu hupekua kanga dukani, hupekua sahani za kale, hupekua vitabu. Mkono ukishaanza kupekua, swali la kopi halirudi. Ziliuzwa 8: 2 zenye fremu na 6 bila fremu.

Alasiri alikuja mteja na simu mkononi. Alikuwa ameona chapa ya Msanii B kibandani kwa 22,000, na simu ilionyesha kazi hiyohiyo kwenye ukurasa wa msanii kwa 12,000. Katika picha hiyo namba ya penseli ilisomeka: 8/20. Galari ilikuwa imeuza 8/20 ya kazi hiyo siku moja kabla.

Uamuzi ulichukuliwa hapohapo, na ulikuwa mzuri. Karatasi zote za kazi ile ziliondolewa kwenye sanduku. Mteja hakupunguziwa bei wala hakudanganywa. Aliambiwa kuna kosa la hesabu linalochunguzwa. Aliondoka bila kununua. Msanii akaitwa, akafika jioni. Ikabainika kuwa alichapa toleo kwa mafungu, jambo la kawaida na halali kwa msanii asiye na fedha ya karatasi 20 kwa mkupuo. Fungu la kwanza lilikuwa 1 hadi 8. Daftari lake likapotea, na fungu la pili akalianza na 8 badala ya 9. Ya kwanza aliiuza nyumbani kwa M-Pesa. Ya pili aliileta galari.

Kufuta penseli na kuandika 15/20 kulipendekezwa, kwa kuwa chapa 15 hadi 20 zilikuwa bado hazijachapwa. Galari ilikataa. Karatasi ya pamba hubaki na kovu la ufutio linaloonekana ukiipiga mwanga wa pembeni, na risiti yenye namba 8 ilikuwa tayari mkononi mwa mnunuzi. Mnunuzi wa Ijumaa alipigiwa simu, akaelezwa jambo lote pamoja na tofauti ya bei, akapewa hiari ya kurudishiwa fedha au kubadilisha. Msanii alikuwa ameshapandisha bei yake ya nyumbani ilingane na ya kibanda. Mnunuzi akachagua 13/20. Karatasi yenye namba rudufu ilipigwa mstari na kuchanwa na msanii mwenyewe mbele yake.

Jumapili ziliuzwa 6, moja ikiwa na fremu. Mvua ilinyesha wakati wa kufunga. Kila mnunuzi aliondoka na karatasi yake imelazwa kati ya kadibodi mbili ngumu ndani ya plastiki, hata waliopanda tuktuk. Mmoja tu aliyekuwa akisafiri kwa ndege alikunjiwa kwenye bomba, picha ikitazama nje, kipenyo cha sentimita 10, na akaambiwa aifungue siku atakayofika.

Matokeo

Ziliuzwa chapa 17: 4 zenye fremu na 13 bila fremu. Mauzo yote yalikuwa shilingi 301,000, ambapo 26,000 zilikuwa za fremu na 275,000 za kazi. Wasanii walipata 137,500, galari 137,500 pamoja na zile 26,000, jumla 163,500.

Gharama za galari zilikuwa kibanda 95,000, fremu 15 kwa 97,500, mifuko na kadibodi 13,800, kibarua 8,000, pikapu 7,000, vibao na taa 6,200. Jumla 227,500. Chapa iliyoharibika ililipwa fungu la msanii kana kwamba imeuzwa, 11,000. Galari ikatoka na upungufu wa 75,000, na fremu 11 stoo zenye thamani ya 71,500.

Uchambuzi

Tuanze na neno, kwa sababu ndilo lililoharibu Alhamisi nzima. Neno "nakala" ni sahihi kwa kamusi na ni sumu kwa kibao cha chapa. Kwa mtu wa Mombasa, nakala ni kile kinachotoka saiba kwa shilingi chache: nakala ya kitambulisho, nakala ya hati ya shamba. Ukimwandikia "Nakala 4/25, Sh 22,000" umemwambia kwa Kiswahili fasaha kwamba unauza fotokopi. Ni lugha yetu wenyewe tuliyoitumia vibaya, na hakuna sababu ya kumlaumu mgeni kwa kuisikia ilivyo. "Chapa ya 4 katika toleo la chapa 25" ni ndefu, lakini inasema ukweli: kuna toleo lenye mwisho, na hii ni mojawapo ya zile zinazolijaza. Lino ya kupunguza ilisaidia zaidi ya maneno yote, maana kipande kilichobaki kilithibitisha kwamba ya 26 haiwezekani. Kwa chapa za mbao, za bamba na za lino ya rangi moja kama ya Msanii B, ambapo uso bado upo, ahadi ya toleo inasimama juu ya uaminifu wa msanii na daftari lake tu. Hapo ndipo kosa la Msanii B lina uzito kuliko shilingi 22,000.

Daftari la toleo halihitaji kompyuta. Ukurasa mmoja kwa kila kazi, mistari 20 kwa toleo la 20, na kwa kila mstari: tarehe ya kuchapwa, karatasi, iko kwa nani, imeuzwa lini, kwa bei gani. Chini yake, chapa za msanii, zile anazojiwekea nje ya namba za toleo, ambazo kwa desturi ni kama asilimia 10 ya toleo, nazo zina mistari yake. Galari ibaki na picha ya ukurasa huo kabla ya kupokea karatasi hata moja. Namba ya penseli isiyo na mstari daftarini isipokelewe.

Kuhusu bei mbili, sababu ya msanii ilieleweka: nyumbani hakuna kamisheni, basi akampunguzia jirani. Lakini mteja haoni kamisheni, anaona kazi moja yenye bei mbili, na anahitimisha kwamba galari ni walanguzi. Bei ya kazi iwe moja kila mahali. Msanii akiuza nyumbani, ile nusu ya ziada ni malipo ya kazi ya kuuza aliyoifanya mwenyewe. Jambo hili lilipaswa kuwa kwenye mkataba. Mkataba ulikuwa na kifungu cha mgawanyo pekee.

Fremu zilikula fedha nyingi kuliko kibanda chenyewe, na zilileta mauzo 4 kati ya 17. Kibanda kiliuza vizuri zaidi kikiwa na fremu 9 kuliko kikiwa na 15. Sehemu ya hilo ni meza, sehemu ni siku za mwisho wa wiki, kwa hiyo nisidai mengi. Lakini fremu 8 zingegharimu 52,000 na kuokoa 45,500, na upungufu ungeshuka hadi 29,500. Muhimu zaidi, fremu 8 zingempa fundi muda wa kuzifanya ipasavyo. Maelezo ambayo angepaswa kupewa kwa maandishi ni haya: karatasi ishikwe juu tu, kwa bawaba mbili za karatasi nyembamba ya Japani na gundi ya wanga wa ngano, si tepu, kingo tatu zibaki huru, zikiwa na milimita 3 za kupumulia kila upande, kati ya karatasi na kioo kuwe na milimita 3 hadi 4, kwa pambizo au kwa vijiti vya pembeni, nyuma ya karatasi kuwe na kadibodi isiyo na asidi kabla ya hadibodi. Bawaba zikiwa dhaifu kuliko karatasi ni sawa, tena ndivyo inavyotakiwa: fremu ikianguka, bawaba ikatike na karatasi ibaki nzima.

Kuondoa chapa 6 ukutani kulikuwa uamuzi wa kishujaa kwa kibanda kilicholipiwa kwa kila mita. Kuvuta ile iliyonasa kulikuwa haraka isiyo na faida, maana tayari ilikuwa imeamuliwa haitarudi ukutani siku hiyo. Kibarua hakukosea peke yake. Hakuna aliyemwambia kwamba karatasi iliyonasa huachwa ikauke.

Kuhusu ukumbi: galari iliuliza waandaaji habari za taa, umeme, usalama na maegesho. Haikuuliza saa za viyoyozi. Kipima unyevu kinauzwa kwa bei ya chini kuliko chapa ndogo kabisa ya kibandani, na kingeletwa siku ya kukagua ukumbi, saa 12 asubuhi na saa 8 mchana, kingesema yote. Tofauti ikiwa kubwa na viyoyozi havitawaka usiku, fremu zinafunikwa kwa plastiki ukutani kabla viyoyozi havijazimwa, wakati hewa bado ni kavu, au zinashushwa na kulazwa ndani ya sanduku la mbao lililofungwa. Ni kazi ya dakika 20 kwa watu wawili. Kwa maonyesho yanayofuata galari imeshaliandika swali la viyoyozi juu ya fomu ya kuomba kibanda, na imemwomba fundi yuleyule atengeneze sanduku hilo.